MGONJWA HUTIBIWA, HAFUKUZWI KAZI



Miraa ikikaa siku mbili nguvu yake imekwisha. Kwa hiyo dereva atokaye Mikinduri hukimbia usiku kucha, na ili asisinzie hutafuna mzigo ule ule anaoupeleka. Akirudi, usingizi hauji, anautafuta kwa chang'aa. Miaka ikipita anaanza kusikia watu wakimsema nyuma ya ukuta. Ndipo mwenye gari asema: huyu ni mlevi, aende zake!

Twauliza, kwa sheria gani? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, yamruhusu mwajiri kumfukuza mara moja mtu aliyelewa kazini hata asiweze kazi. Hiyo waajiri wameihifadhi kama sala. Lakini Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, yamhesabu aliyetekwa na pombe au dawa za kulevya kuwa mgonjwa wa akili kama wagonjwa wengine. Hiyo hawajaisikia, au wamejitia uziwi.

Na hospitali nazo zisijifiche. Mtu akienda kliniki ya akili huambiwa aache pombe kwanza. Akienda kwenye nyumba ya kuwatunza walevi huambiwa hapa hatupokei wenye wazimu. Kichwa ni kimoja, ndugu! Hofu humpeleka mtu kwenye chupa, na chupa huizidisha hofu. Ukitibu moja ukaacha nyingine, umepoteza dawa bure. Tena aliyekunywa sana kwa miaka, akiacha ghafula bila mganga, aweza kushikwa na kifafa akafa. Maneno ya "acha kwanza" si matibabu.

Hatusemi miraa ipigwe marufuku. Uingereza ilipofunga mlango Juni 2014, nyumba za Tigania na Igembe ndizo zilizokosa unga, si mabwana wa London.

Twataka hivi katika mapatano yajayo: atakayeonekana na ugonjwa huu apelekwe kwa daktari kabla ya barua ya kufukuzwa kuandikwa, na atibiwe yote mawili mahali pamoja. Kifungu cha 30 chatoa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kwa mwaka. Hazitoshi, twadai miezi mitatu. Na kila gari la usiku liwe na madereva wawili. Waajiri wakilia gharama, waulizwe gari likipinduka hulipwa na nani.