Ziwa likifungwa, mama wa Kibirizi aulizwe kwanza

Swali la nani aulizwe kabla ziwa halijafungwa, huku Kigoma tunaliishi. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Nia yenyewe siipingi; dagaa na migebuka lazima wapate nafasi ya kuzaliana. Lakini Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania inasema serikali hupata mamlaka yake kutoka kwa wananchi. Basi mama anayeanika dagaa mwaloni Kibirizi, mwenye marejesho ya kikundi na watoto shuleni, ndiye wa kwanza kuulizwa atakula nini miezi hiyo mitatu. Kumfungia mtu riziki bila kumwonyesha pa kushika ni kumkandamiza, hata kwa sheria nzuri. Wabunge wetu, njooni mwaloni kabla tarehe ya kufunga ziwa haijatangazwa.