Shule na Wanafunzi Wake Waliokwisha Toka

Twataka kusema leo juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nasi twaona si dogo hata kidogo. Mtoto akiisha kutoka shuleni, je, shule ingali yake, na yeye angali wa shule? Waulizeni watu hapa Majengo, waulizeni na wale wakaao juu mlimani, na wengi watawajibu neno moja: shule hunikumbuka itakapo bati.

Jibu hili ni chungu, lakini si la uongo. Barua ya shule humfikia mtu kwa sababu mbili tu: ama paa la bweni lavuja, ama kuna sikukuu ya kutimiza miaka kadha wa kadha na wageni wakubwa wamealikwa. Miaka yote iliyo katikati ni kimya. Mtu akiitwa mara moja katika miaka 20, na siku hiyo akanyoshewa bakuli, huyo hakuitwa kama mwana wa nyumba, ameitwa kama mdeni. Twasema waziwazi: shule ifanyayo hivyo haina wanafunzi wa zamani, ina orodha ya mifuko.

Tena tazameni ni nani waitwao. Hutafutwa mkurugenzi, hutafutwa daktari, hutafutwa mwenye magari. Lakini yule aliyekaa dawati moja na mkurugenzi, naye leo ashona nguo barazani hapa Majengo, au auza mitumba Kiborloni, au apakia ndizi Mbuyuni, hatafutwi, ingawa kengele ya shule aisikia kila asubuhi. Je, huyu hakufundishwa? Jina lake halikuandikwa daftarini kama majina ya wenziwe? Kosa hili si la adabu tu, ni kosa la hesabu pia. Shule itakayo kujua kama mafundisho yake yafaa haitajua kwa kuwatazama waliofaulu peke yao. Mkulima apimaye shamba lake kwa kuhesabu mikungu mikubwa, na migomba iliyoanguka asiiangalie, ajidanganya mwenyewe, na mwaka ujao atalia.

Wako watakaosema: kazi hii ni ngumu, walimu ni wachache, na wanafunzi wamekwisha tawanyika nchi nzima. Hao twawakumbusha habari ya Kiungani, Unguja. Mwaka 1888 shule ile ya Misheni ya U.M.C.A. ilianza kupiga chapa gazeti la Kiswahili, jina lake Msimulizi, nalo likaendelea hata mwaka 1896. Waliotoka shuleni walikuwa walimu huko Bonde, na Masasi, na Newala, na pwani ya Ziwa Nyasa. Reli ya kuwafikia haikuwapo, wala simu ya mkononi. Barua ilikwenda kwa jahazi, khalafu kwa miguu ya watu, wiki kwa wiki. Hata hivyo waliandika habari za mahali walipo, shule ikazipiga chapa, na mtu wa Magila akajua habari za mwenziwe wa Newala. Basi sisi ambao barua yetu hufika kabla kalamu haijakauka, twatoa udhuru gani?

Na matunda yake hayakuishia shuleni. Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, alikuwa mwanafunzi wa Kiungani. Hatusemi kwamba gazeti ndilo lililozaa chama. Twasema kwamba watu waliozoea kuandikiana na kujuana toka mbali hawaoni ajabu kufanya shirika. Wasiojuana hata waliosoma pamoja nao, watashirikiana na nani?

Wengine watasema: siku hizi tuna kundi letu la WhatsApp, latosha. Kundi ni jema, nasi hatulikatazi. Lakini kundi ni la darasa moja, si la shule. Asiye na simu ya namna ile hayumo, na aliyekwisha fariki hatajwi tena. Siku wawili wagombanapo kwa ajili ya siasa, mambo yote yaweza kwisha. Daftari lililo katika kabati la mwalimu mkuu haligombani na mtu.

Na faida ya daftari sisi watumishi wa Serikali tuliifahamu vema mwaka 2017. Mwezi wa Aprili mwaka ule Serikali ilitangaza kwamba watumishi 9,932 walionekana wana vyeti vya kughushi. Walioghushi hatuwatetei, kwa maana walikalia viti vya watu wenye haki. Lakini wako waliokata rufaa, na baadhi yao wakaonekana vyeti vyao ni halali. Fikirini uchungu wa mtu aliyesoma kweli kweli, ambaye ataka shahidi mmoja tu wa kusema, ‘Huyu alikuwa kwetu, aliingia mwaka huu na kutoka mwaka ule.’ Shahidi huyo angekuwa nani, kama si shule yake? Shule iliyoacha madaftari yake yaliwe na mchwa haikupoteza karatasi tu. Imewanyima watoto wake ushahidi.

Hatusahau kwamba shule nyingi zilibadilika mikono. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni na za vyama, na nyingine zilibadili hata majina, hata wazee wengine hawajui leo kama shule ile ni yao au si yao. Lakini nyumba ikibadili mlango, mtoto aliyezaliwa humo hakomi kuwa mwana. Iliyorithi majengo imerithi na watu.

Iko hoja ya mwisho, nayo ni ya fedha. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hata Kidato cha Nne, na wakuu wengine wa shule wasema, ‘Kama hatuwezi kudai mchango, tuwaite watu wa nini?’ Neno hili lafunua ugonjwa wenyewe! Sisi twaona kinyume chake: sasa ndiyo njia imesafishwa, kwani shule yaweza kumwita mtu pasipo yeye kushika mfuko wake kwa hofu. Fundi wa Majengo asiye na shilingi ya kutoa aweza kuwafundisha vijana mchana mmoja jinsi ya kupima na kukata kitambaa. Karani aweza kuwaonyesha namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Na yule aliyeshindwa mtihani aweza kuwaambia mambo ambayo mkurugenzi hayajui.

Basi yafaa kufanya nini? Twataja mambo matatu, wala hakuna hata moja lihitajilo mfadhili.

Kwanza, kila shule iwe na daftari la waliotoka: jina, mwaka, kazi na mahali alipo, na lisichague mkubwa wala mdogo. Wanafunzi wenyewe waweza kuliandika, kwa kuanza na nyumba zilizo karibu.

Pili, kila muhula shule itoe barua ya ukurasa mmoja: nani amefaulu, nani amefariki, mwalimu gani amehamishwa. Isiombe kitu. Nakala moja ibandikwe sokoni, kwa ajili ya wasio na simu.

Tatu, shule ifungue mlango wake siku watu wapatikanapo. Sote twajua kwamba kila mwezi wa Desemba watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani, mabasi ya Dar es Salaam yakajaa, na barabara za mlimani zikapata msongamano. Waliotoka shuleni hujileta wenyewe kwa nauli yao, wakapita mbele ya lango, nalo limefungwa kwa kufuli kwa sababu ya likizo! Siku moja tu, kati ya Noeli na Mwaka Mpya, ikiwa na mwalimu mmoja, daftari moja na birika la chai, ingefanya kazi kubwa kupita sikukuu ya mahema na vipaza sauti.

Nasi tusijitoe katika lawama hii kwa kuwanyoshea walimu kidole. Kila mwanachama wetu alikula chakula cha shule fulani na kupata kazi kwa sababu ya shule hiyo. Asingoje kuitwa. Na aandike leo barua kwa mwalimu mkuu, ataje jina lake, mwaka aliotoka, na majina ya wenziwe wawili ajuao walipo, mmoja wao akiwa mtu asiye na cheo chochote. Barua 30 za namna hiyo zikifika mezani, daftari litakuwa limekwisha anza, apende mwalimu mkuu asipende.