Habat sauda na vichwa vya watoto wetu



Ndugu msomaji, Ijumaa iliyopita, baada ya swala hapa Nansio, nilimkuta muuzaji nje ya msikiti amepanga chupa za mafuta ya habat sauda na ya nyonyo yaliyoletwa na meli kutoka Mwanza. Mteja wake alikuwa mama mwenye mtoto wa miaka saba hivi, kichwa kina mabaka yenye magamba, yasiyo na nywele. Muuzaji alimsomea hadithi, akapokea fedha.

Hadithi ile ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, nayo yaisifu habat sauda kuwa shifaa ya maradhi yote ila mauti. Lakini wanavyuoni hawakuisoma kama muuzaji yule. Al-Khattabi alieleza kuwa tamko ni la jumla na makusudio ni mahsusi, yaani maradhi yanayonasibiana na tabia ya dawa hiyo.

Wala sidharau mimea. Mwaka 2002 madaktari wa Baghdad walichapisha utafiti wa maji ya kitunguu, yaliyopakwa mara mbili kwa siku kwa watu 23 walionyonyoka nywele kwa viraka. Baada ya wiki sita, 20 kati yao waliota nywele. Utafiti ni mdogo, na maradhi hayo, ambayo hutokana na kinga ya mwili kushambulia mashina ya nywele, mara nyingi hupoa yenyewe.

Mtoto yule alikuwa na dalili za mapunye, na mapunye ni jambo jingine kabisa. Ni kuvu inayoingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo mafuta ya kupaka hayafiki. Tiba yake ni dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa wiki sita au zaidi, kwa kipimo cha daktari. Yakipuuzwa huweza kutunga usaha na kuacha kovu lisiloota nywele tena, huku kofia, kitana na mashine ya kunyolea vikiyahamisha kwa wengine.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Miaka mingi iliyopita nilimpaka mwanafunzi wangu mafuta kwa miezi miwili. Baba yake aliniamini kwa sababu ya kilemba changu. Watoto watatu waliokaa naye mkeka mmoja wakaambukizwa. Na katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 nayo yamtaka mganga asajiliwe.

Mama yule aliniuliza kama aitupe chupa. Nilimwambia akapake nywele zake mwenyewe, mtoto ampeleke hospitali kesho yake asubuhi, na kofia yake asivae mwingine.