Maji ya Olkaria: tupeni data!

Jamani, mazungumzo ya matetemeko huku kwetu Kericho na Bomet yana kambi mbili, na zote zimenichosha. Ya kwanza husema kila mtikisiko umeletwa na visima vya Olkaria. Ya pili, ambayo kwa kawaida huvaa tai, husema maji hayawezi kusogeza mwamba, kwa hivyo tulale.

Kambi ya kwanza nitaimaliza haraka. Olkaria iko ng'ambo ya Mau, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kericho mjini. Tetemeko la Subukia la 1928, lenye ukubwa wa karibu 6.9, lilikuja miongo mingi kabla ya kituo cha kwanza cha jotoardhi kuanza kazi mwaka 1981. Bonde la Ufa hujitikisa lenyewe.

Wavaa tai ndio hatari. Umewahi kuona lori la majani chai kwenye barabara ya udongo? Kiangazi linapanda. Mvua ikinyesha, mzigo ni uleule, mlima ni uleule, lakini linateleza. Ufa wa chini ya ardhi nao umebanwa na uzito wa mwamba. Ukiusukumia maji, presha yake inapunguza ule mbano, na kama ufa ulikuwa tayari umevutika, unaachia. Pengine unaachia polepole, bila kishindo. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa 2015 lilionyesha ufa ukiteleza kimya kwanza, vitetemeko vidogo vikafuata. Kipima mitetemo pekee hakikuonyeshi hatua hiyo ya kimya!

Tena kuna kuchelewa. Karibu na Denver, Marekani, jeshi lilianza mwaka 1962 kumwaga majitaka ndani ya kisima cha zaidi ya kilomita 3, likaacha 1966. Matetemeko makubwa zaidi yalikuja 1967. (Waandika programu mnaijua hii: umezima kinachotuma kazi, foleni bado inaendelea.)

Halafu Pohang, Korea Kusini. Aprili 2017 mradi wa jotoardhi ulileta tetemeko la ukubwa wa karibu 3. Wakaendelea kusukuma maji. Novemba likaja la 5.5, watu zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Mwaka 2019 jopo lililoundwa na serikali likasema chanzo ni mradi ule.

Olkaria si Pohang, nakubali. Pale hurudishwa maji yaliyopanda na mvuke, kwenye mwamba wenye nyufa tayari, ili presha ya chini isishuke. Wala sitaki visima vifungwe. Jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya.

Ninachodai ni kwamba KenGen iweke wazi, kila siku, ujazo na presha ya maji katika kila kisima cha kurudishia, pamoja na mitetemo na vipimo vya GPS. Iwe CSV, si PDF ya kurasa 200 yenye picha ya mkurugenzi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuuliza, na wakazi wa Naivasha na Narok, walio karibu na visima kuliko sisi, wana sababu kubwa zaidi ya kuuliza. Grafu nitachora mwenyewe, bure.