Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu: Wahadhiri wa Simiyu na Ufadhili wa Nje

Kwa: Katibu Mkuu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: WAHADHIRI WA MIKOANI KUOMBA UFADHILI WA KUBADILISHANA WANATAALUMA

Ufadhili wa kubadilishana wanataaluma humwezesha mhadhiri kukaa miezi kadhaa katika chuo cha nchi nyingine, akitafiti au kufundisha, kisha akarudi kwenye ajira yake. Unaojulikana zaidi ni Fulbright wa Marekani, ulioanza mwaka 1946. Ipo pia mipango ya Jumuiya ya Madola na ya DAAD ya Ujerumani, ambayo pamoja na kulipia shahada hugharimia ziara za utafiti.

Tanzania inayajua manufaa yake, hasa kwa upande wa kupokea. Walter Rodney, Mguyana, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1966 hadi 1967, akarejea 1969 na kubaki hadi 1974. Kuanzia 2013, mpango wa wakfu wa Carnegie wa Marekani uliwaleta wanataaluma wa Kiafrika waishio Marekani na Kanada katika vyuo vya hapa. Kupokea wageni ni jambo jema, ila hakutoshi: wahadhiri wetu nao waende nje, wakiwemo wa mikoa kama Simiyu.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na elimu ya juu humo bado ni changa: kipo kituo cha Chuo Kikuu Huria na kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM). Mada za utafiti, hata hivyo, zimejaa tele. Mkulima wa wilaya ya Itilima hupeleka pamba mbegu kwenye chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), ikapimwa kwenye mizani, akalipwa kwa kilo. Bei hiyo hufuata mwenendo wa soko la dunia, ambalo kipimo chake kimojawapo ni mikataba inayouzwa New York. Huko Lubbock, Texas, katikati ya mashamba ya pamba, Chuo Kikuu cha Texas Tech kina taasisi ya uchumi wa zao hilo. Mhadhiri wa fedha kutoka Bariadi, makao makuu ya Simiyu, akikaa huko muhula mmoja angejifunza jinsi wakulima wanavyojikinga na kuporomoka kwa bei, na wenzake wa Lubbock wangepata kwake habari za mkulima wa ekari tatu, ambazo hawana.

Kikwazo kikubwa ni kipindi kisicho na mtu wa kukifundisha. Katika kampasi ndogo somo zima huweza kumtegemea mhadhiri mmoja. Akiondoka, wanafunzi wanakwama, na mkuu wake anasita kusaini barua ya ruhusa. Hofu kwamba watu watalowea ughaibuni ina msingi, lakini anayekwenda kwa Fulbright hufungwa na sharti la viza: lazima arudi na kukaa kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukazi wa kudumu Marekani.

Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu nchini, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, unahusu majengo na pia kuwanoa wahadhiri. Fungu dogo tu lingetosha kumlipa mhadhiri wa muda ashike vipindi vya aliyesafiri.

Wizara inaombwa itoe waraka unaoruhusu malipo hayo, unaomhakikishia anayekwenda mshahara wake, na unaoitambua ziara hiyo anapoombewa kupanda cheo. Waraka huo uanze na kampasi za mikoani, Bariadi ikiwemo.