Msemaji wa Kikundi Awe Nani?

Wanachuo wapewapo kazi ya kusanifu upya tovuti ya chuo, kisha waiwasilishe mbele ya wenzao, aghalabu hugawana hivi: mmoja achore, mmoja aandike, na mwenye ulimi mwepesi aseme. Sisi hatuukubali mgawanyo huo. Msemaji husifu rangi na picha. Akiulizwa kwa nini fomu ya kujiunga imeletwa ukurasa wa kwanza, humgeukia mwenzake aliyeketi nyuma, ambaye, maskini, hakupewa nafasi ya kufungua kinywa.

Mwaka 1971, huko Austin, Texas, Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni njia ambayo kila mtoto hujifunza sehemu yake, kisha huwafundisha wenzake wa kikundi wasio nayo. Maandalizi yetu na yawe hivyo. Mchoraji amfundishe mwandishi, na mwandishi amfundishe mchoraji. Tena mzazi mmoja aombwe kuitafuta fomu katika tovuti ya zamani, wote wakishuhudia anapokwama. Siku ya kuwasilisha, mwalimu aokote kikaratasi chenye jina la msemaji. Malalamiko kwamba alama zitashuka tumeyasikia. Mara ya kwanza huenda zikashuka kweli.