Muhogo mchungu na nguvu ya mwili wa mtoto wako

Mzazi mwenzangu, wiki hii nakuletea swali nililoulizwa Mapera, Mbinga, na mama mwenye mtoto wa kidato cha pili. "Dada, mwanangu kasoma shuleni kwamba hata mimea ina mitokondria kama sisi. Sasa kama sumu ya muhogo inatudhuru sisi, mbona muhogo wenyewe haufi?"

Ni swali zuri, na jibu lake linafika hadi kwenye sufuria yako ya ugali.

Mitokondria ni sehemu ndogo mno zilizo ndani ya seli. Kazi yake ni kutumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu. Binadamu anazo, mbuzi anazo, samaki wa Ziwa Nyasa anazo, vivyo hivyo mahindi, uyoga na muhogo. Bakteria hawana. Moyo, ubongo na misuli huzitegemea sana.

Muhogo mchungu hutoa sumu iitwayo sianidi, na sumu hiyo huzuia mitokondria kufanya kazi. Oksijeni inakuwepo kwenye damu, lakini seli haiwezi kuitumia.

Muhogo wenyewe hujilinda kwa kutoihifadhi sianidi ikiwa tayari. Huweka kemikali inayoizaa mahali pake, na kimeng'enya cha kuivunja mahali pengine. Ukikata, ukiloweka au ukitwanga, viwili hivyo hukutana na sianidi hutoka. Ndiyo maana bibi zetu waliloweka muhogo: sumu itoke mapema, ipotelee majini na hewani kabla ya chakula kufika mezani.

Tukifupisha kazi hiyo, watoto ndio wanaolipa. Mwaka 2001 na 2002 wilaya ya Mbinga ilikumbwa na mlipuko wa konzo, na Mtwara ikafuata mwaka 2002 na 2003. Konzo hupooza miguu yote miwili kwa ghafla, hasa kwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Miguu hukakamaa, na hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa. Huwapata watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki kadhaa huku wakikosa protini. Ukame huongeza hatari: muhogo huzidi uchungu, na njaa huwafanya watu wapunguze siku za kuloweka.

Habari njema ni kwamba konzo inazuilika. Fanya hivi nyumbani:

1. Menya muhogo mchungu, uloweke siku tatu au zaidi hadi ulainike, kisha uanike ukauke kabisa. Kuanika makopa bila kuloweka hakutoshi.

2. Kama unga umenunuliwa na hujui ulivyoandaliwa, uweke kwenye beseni na utie alama ndani pale unga unapoishia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza; endelea mpaka urudi kwenye alama. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Upike ugali siku hiyo hiyo.

3. Usimpe mtoto ugali wa muhogo bila mboga yenye protini. Mwili hutumia salfa iliyomo kwenye protini kuigeuza sianidi iwe kitu kisicho na madhara makubwa. Dagaa wa ziwani na maharage ya milimani vyote tunavyo.

Mtoto akila muhogo kisha akapata kizunguzungu, akatapika, akaumwa kichwa au akapumua kwa kasi, mpeleke kituo cha afya mara moja. Akianza kutembea kwa shida, usisubiri kesho.

Na yule mwanafunzi wa Mapera, mwambie mama yako akupe kazi ya kutandaza unga jioni hii. Hilo ndilo somo lako la mitokondria kwa vitendo.